Kuunganisha ontolojia: soma fasili kwanza, majina baadaye

Ukikabidhiwa ontolojia mbili za magonjwa, yaani orodha za dhana zenye fasili na uhusiano ambazo kompyuta inaweza kuzisoma, uziunganishe, programu ya kulinganisha majina itakumwagia jozi kibao kwa dakika chache. Usizipitishe kabla hujasoma fasili. Majina yasiyofanana hayana shida sana, maana kila mtu huyatilia shaka. Yanayofanana ndiyo yanayoponza.

Chukua malaria. Orodha ya zahanati huweza kuwa na mstari mmoja tu, "malaria", na humo anaingia aliyepimwa akakutwa na vimelea pamoja na aliyepewa dawa kwa dalili za homa tu. ICD-10, orodha ya WHO ya misimbo ya magonjwa, inaigawa kwa aina ya kimelea: B50 ni ya Plasmodium falciparum, B51 vivax, B52 malariae, B53 aina nyingine zilizothibitishwa kwa kipimo, na B54 ni ile isiyobainishwa. Niliwahi kukuta mradi umeufunga mstari wa zahanati na B50 kwa usawa kamili, eti kwa kuwa falciparum ndiyo imetawala huku kwetu. Imetawala kweli. Ila kompyuta haielewi "mara nyingi": kila aliyetibiwa kwa kukisia akahesabiwa kuwa amethibitishwa, na ripoti ikatoka safi, bila onyo lolote.

Hapo mimi hutumia SKOS, kiwango cha kuelezea dhana na uhusiano wake kilichotolewa mwaka 2009 na W3C, shirika la viwango vya wavuti, kwa sababu kina ngazi za ufanano. "Malaria" ya zahanati naipa exactMatch (maana ni ileile) na kundi zima la B50 hadi B54, na narrowMatch (dhana ya upande wa pili ni finyu zaidi) kwa kila msimbo ulio ndani yake. Misimbo ya zamani siifuti kamwe. Kuna watu wana ripoti za miaka nyuma.

Kurutubisha ontolojia, yaani kuiongezea taarifa, kunafuata baada ya hapo. Ongeza kile ambacho mstari wa zahanati haukuwa nacho: njia ya uthibitisho, yaani hadubini, kipimo cha haraka, au hakuna. Sifa hiyo moja itawaondoa wasiopimwa kwenye B50 na kuwapeleka B54 wanakostahili. Kisha fungua Protégé, programu ya kuhariri ontolojia, tangaza kwamba hakuna mgonjwa anayeweza kuwa ndani ya B50 na B54 kwa pamoja, na washa HermiT, kikokotoo chake cha kukagua mantiki. Daraja (yaani kundi la dhana, "class") lililowekwa chini ya zote mbili litageuka jekundu, ishara kwamba linajipinga.

Na kabla ya yote hayo, muulize tabibu anayejaza rejista. Fasili nyingine hazijaandikwa popote, anazo yeye kichwani.