Hii Saa Tatu Yako ni ya Nani?

Nilipokuwa naandika tasnifu ya uzamili kuhusu hali ya hewa na viwanja vya ndege vya Kanda ya Ziwa, niliwahi kufuta ushahidi wangu kwa mkono wangu mwenyewe. Nasimulia kwa sababu wanafunzi wanaotaka kufanya utafiti wa aina hii huniandikia, na swali lao la kwanza huwa ni programu gani watumie kuchambua takwimu. Mimi programu haikuniangusha. Nilianguka kwenye saa.

Nilikuwa na mafungu mawili ya takwimu. La kwanza ni METAR, zile taarifa fupi za hali ya hewa ambazo viwanja hutoa kila saa au kila nusu saa. La pili lilikuwa daftari langu. Nilikaa na wakata tiketi, wabeba mizigo na madereva teksi wa kiwanjani, wakanisimulia siku ambazo ndege ilichelewa au ilikuja ikazunguka juu kisha ikaondoka bila kutua. "Siku ile ilifika saa tatu, mvua imeshika, ikageuza ikarudi Mwanza." Nikaandika 3. Usiku nikaingiza kwenye kompyuta, nayo ikasoma 03:00.

Kwa hiyo saa tisa alasiri ya watu wangu ikawa saa tatu asubuhi, na saa mbili na saa tatu za asubuhi zikawa usiku wa manane. Nilipokuta safu zinazodai ndege ilishindwa kutua saa tisa usiku, kwenye kiwanja ambacho saa hizo hata mbwa amelala, nikasema haya ni makosa ya kuchapa. Nikazifuta zote. Zilizobaki zikanipa mchoro safi, na msimamizi wangu akausifu.

Aliyenishika ni mzee mmoja mstaafu, mwangalizi wa hali ya hewa wa miaka mingi. Nilimwamkia, akaitikia, akavaa miwani, akautazama mchoro kwa muda mrefu kuliko nilivyopenda.

"Mwanangu, hii saa tatu yako ni ya Zulu au ya chai?"

Zulu ndiyo saa ya watu wa anga, saa ileile kwa dunia nzima. Ukiona HTMW 140600Z, maana yake ni Mwanza, tarehe 14 ya mwezi, saa 0600 ya Zulu. Saa za Afrika Mashariki ziko mbele kwa saa tatu, kwa hiyo mkononi ni 9:00, na sisi tunasema saa tatu asubuhi, saa ya chai. Mzee akanipa njia ya mkato ambayo sijaikuta kwenye kitabu chochote: chukua Zulu, toa tatu, umepata saa ya Kiswahili. 0600 ni saa tatu. 1200 ni saa tisa alasiri. (Ukiwa Kigali au Bujumbura toa nne.) Nilirudi nyumbani nikafufua safu zote nilizozifuta, na hapo ndipo tasnifu ilipoanza kusema kitu.

Kwa sababu asubuhi ndiyo habari yenyewe. Usiku nchi kavu inapoa upesi kuliko maji ya Ziwa Victoria. Upepo unashuka kutoka pande zote kuelekea ziwani, unakutana juu ya maji yenye joto, hewa inapanda, na mawingu ya radi yanajengeka wakati watu wamelala. Kuelekea alfajiri, pepo za mashariki huyasukuma hadi ufukwe wa magharibi. Ndiyo maana Bukoba hupata karibu milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na nyingi zinaweza kukukuta hujanywa chai. Mchana mambo yanageuka: upepo unatoka ziwani kwenda nchi kavu, na radi zinahamia bara. Waulize wakulima wa chai wa Kericho kuhusu mvua ya mawe ya alasiri.

Sasa angalia mtego wa pili. Kiwanja kidogo kisichofanya kazi usiku hakina mtu wa kuandika taarifa usiku. Saa ambazo mawingu yanajengeka ndizo saa ambazo daftari ni tupu. Mwanafunzi akipakua METAR za miaka kumi (Chuo Kikuu cha Iowa State kina hazina kubwa, bure), akaona pengo, akalihesabu kuwa hali ilikuwa shwari, ameshajidanganya. Wengine huziba pengo kwa ERA5 za Ulaya, takwimu za hali ya hewa iliyopita zilizokokotolewa na kompyuta. Ni nzuri, zipo kwa kila saa, lakini kila kijisanduku chake kina upana wa kilomita zipatazo 30, na radi iliyoziba mwisho mmoja wa njia ya kurukia haionekani humo. Zitumie kujua majira, usizitumie kubishana na rubani.

Huwezi kuandika habari za kiwanja cha Bukoba ukairuka Jumapili ya tarehe 6 Novemba 2022. Kabla ya saa tatu asubuhi, hali ya hewa ikiwa mbaya, ndege kutoka Dar es Salaam iliangukia ziwani karibu kabisa na kiwanja ikiwa na watu 43. Walifariki 19. Wavuvi na mitumbwi yao walikuwa miongoni mwa wa kwanza kufika. Ushauri wangu: usilifanye hilo swali lako la kwanza. Mimi nilimuuliza mama mmoja anayeuza chapati jirani na pale hata sijaagiza chai. Akaendelea kusukuma chapati kana kwamba hakunisikia. Siku ya tatu ndipo alipoanza mwenyewe kunisimulia, na nilifunga daftari nikasikiliza tu.

Kuhusu vibali, jua nani anashika nini. Kwa Tanzania, lami, taa na mitaro ni ya Mamlaka ya Viwanja vya Ndege. Kuongoza ndege ni Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Mvua na upepo ni Mamlaka ya Hali ya Hewa. Barua yangu ya kwanza niliipeleka mlango usio wake nikiomba takwimu za upepo, ikakaa huko wiki sita.

Jambo ambalo ningelipa nafasi zaidi kama ningeanza upya ni maji baada ya mvua. Wengi hupima dhoruba ilikuwa kubwa kiasi gani na kuuita huo utafiti wa ustahimilivu, yaani uwezo wa kiwanja kupigwa kisha kurudi kazini. Mimi ningepima muda: mvua imekatika saa ngapi, ndege ya kwanza imetua saa ngapi. Tangu Novemba 2021 hali ya njia ya kurukia huripotiwa kwa namba za aina moja duniani. Njia hugawanywa mafungu matatu, na kila fungu hupewa namba kutoka 6, yaani kavu, hadi 0, hali mbaya kabisa. Maji yasiyozidi milimita 3 ni 5. Yakizidi hapo tu, inashuka hadi 2. Milimita tatu! Mtaro ulioziba kwa majani na chupa unatosha.

Na usiishie kwenye uzio wa kiwanja. Tarehe 16 Aprili 2024 Dubai, ambako wengi wetu hubadilisha ndege, ilipata mvua ambayo Falme za Kiarabu hazijawahi kuiona tangu kumbukumbu zianze mwaka 1949. Kwa siku mbili safari zaidi ya 1,200 zilifutwa. Mvua ilipita, ila barabara za kwenda kiwanjani zilikuwa chini ya maji, hivyo wafanyakazi na chakula havikufika, na ratiba ikachukua karibu wiki kurudi sawa. Kwa hiyo mvua ikinyesha, panda bodaboda uende kiwanjani, uone mwenyewe unakwamia wapi.

Fomu yangu ya mahojiano siku hizi ina visanduku vitatu vya saa: Zulu, ya mkononi, na ya mdomoni. Cha mdomoni najaza kwanza, kwa maneno yaleyale: "kabla ya chai", "watoto wameshaenda shule". Viwili vingine najaza baadaye, nikiwa na kalamu ya risasi.