Operesheni ya ngiri katikati ya msimu wa mbio: nilivyoipanga kalenda

Ukiambiwa una ngiri (hernia, yaani nyama ya ndani ya tumbo inayochomoza kupitia tundu kwenye ukuta wa misuli) na tayari umepania mbio za miezi mitatu ijayo, akili hukimbilia kwanza kwenye pesa za fulana za mbio ulizolipa. Achana nazo. Cha kuuliza ni operesheni iingie wapi kwenye kalenda. Mimi ni mkimbiaji wa kawaida wa Kampala, wa kutoka alfajiri kabla ya kazi. Sina medali ya kutetea wala mdhamini wa kumjibu. Mwaka huu niliukata msimu wangu vipande viwili, operesheni ikakaa katikati, na imenifaa. Naeleza namna, hasa kwa wanaume wenzangu, maana ugonjwa huu tunauficha mno.

Wangu ulijitokeza Aprili, siku chache baada ya mbio za Kabaka, mfalme wa Buganda, pale Lubiri kwenye jumba lake. Haukuuma. Ulikuwa uvimbe mdogo kinenani upande wa kulia: nikikohoa unatokeza, nikilala chali unarudi ndani. Daktari alinieleza kwamba ukuta wa misuli ya tumbo una sehemu dhaifu pale kinenani, wengine huzaliwa hivyo, na kikohozi cha muda mrefu, kufunga choo au kubeba vizito huiongezea mzigo sehemu hiyo. Nimekulia kambi ya polisi, na kambini kila mzee ana dawa yake ya ngiri: huyu mzizi wa kuchemsha, yule mkanda wa kujifunga kiunoni. Nawaheshimu wazee wangu, lakini hakuna mzizi unaoziba tundu. Ngiri ya mtu mzima haijifungi yenyewe. Inashonwa.

Kwa kuwa yangu ilikuwa ndogo, haikuuma na ilirudi ndani bila taabu, daktari alisema tunaweza kuchagua siku. Hapo msinielewe vibaya. Uvimbe ukiwa mgumu, ukauma, ukakataa kurudi, au wewe ukaanza kutapika, habari za kalenda zimekwisha. Huenda utumbo umebanwa, na hilo ni la kukimbizwa hospitali usiku huohuo, hata kama mbio ni kesho asubuhi.

Basi nikaitandaza kalenda mezani. Juni kuna mbio za Masaka. Mwishoni mwa Agosti kuna Rwenzori Marathon kule Kasese na zile mbio za Rotary za kuchangia matibabu ya saratani. Novemba ni MTN Marathon hapa Kampala. Kati ya Masaka na Kasese kuna nafasi ya wiki kumi hivi, na ni miezi ya kiangazi, hakuna matope ya kuteleza. Nilimuuliza daktari kama naweza kukimbia Masaka kabla ya kisu. Akanikubalia kilomita 10, kwa sharti kwamba nikihisi maumivu kinenani nitembee. Sikuhisi kitu. Wiki iliyofuata nikalazwa.

Sasa kuhusu maswali ya kumuuliza daktari, kwa sababu hapa wengi tunapoteza nafasi. Ukimuuliza "nitarudi lini mazoezini?" atakujibu kwa tahadhari ya jumla, na ana haki, hajui mazoezi yako ni yapi. Muulize vipande vipande. Lini nitembee nusu saa? Lini nikimbie taratibu mahali tambarare? Lini nipande kilima, na lini nishuke, maana kushuka vilima vyetu vya Kololo au Naguru kunautikisa mwili kuliko kupanda? Lini nibebe jerikeni? Jerikeni ya lita 20 ni kilo 20 za maji, na hakuna mtu anayeiita mazoezi, kwa hiyo hakuna anayeiuliza. Muulize pia habari ya boda boda. Wangu aliikataza kabisa wiki za mwanzo: mashimo ya barabara zetu yanamrusha abiria kuliko mbio zozote. Siku ya kutoka hospitali tafuta gari, hata la kuazima kwa shemeji.

Majibu hutofautiana kati ya daktari na daktari, na kati ya operesheni ya kufungua na ile ya kamera kupitia matundu madogo. Fuata ya yule aliyekushona. Wa kwenye kikundi chenu cha kukimbia ana yake.

Operesheni yenyewe haina hadithi ndefu. Sindano ya mgongo, miguu ikafa ganzi, nikawa nasikia wanazungumza huku kazi inaendelea. Wanarudisha kilichotokeza, kisha wanaweka wavu mwembamba wa kuutia nguvu ukuta. Juu ya wavu huo Uganda ina jambo la kujivunia ambalo wengi hawalijui. Mwaka 2016 jarida la The New England Journal of Medicine lilichapisha utafiti uliofanyika mashariki mwa nchi yetu, kwa wanaume wapatao 300. Baadhi waliwekewa wavu wa kununua wa bei ghali, wengine kitambaa cha chandarua kilichotakaswa hospitalini. Baada ya mwaka mmoja, ngiri ilikuwa imerudi kwa mtu mmoja tu wa kundi la chandarua, na kwa wale wengine hakuna. Kwa hiyo ukiogopa kwamba matibabu mazuri ya ngiri yako Nairobi au India peke yake, tulia. Ila kwenye hospitali ya kulipia omba gharama kwa maandishi kabla ya siku, na uulize kama dawa na vipimo vimo ndani yake.

Siku za kwanza nyumbani kuna mambo ambayo hakuna mtu atakusimulia kwenye foleni ya fulana. Korodani zinaweza kuvimba na kugeuka rangi ya zambarau. Mara nyingi ni damu iliyovilia tu, inaondoka, na chupi ya kubana inasaidia. Ngozi chini ya mshono inaweza kufa ganzi kwa muda mrefu. Usiinuke kitandani moja kwa moja. Geukia ubavu, shusha miguu, jisukume kwa mkono. Vumbi la kiangazi huleta kikohozi, basi weka mto mdogo karibu na uubane kwenye mshono ukitaka kukohoa au kupiga chafya. Na choo. Baadhi ya dawa kali za maumivu hufunga choo, na kujikamua ndicho kitu cha mwisho unachotaka. Mimi nilipunguza posho (ugali) nikaongeza papai, maharage na maji mengi. Homa, usaha, wekundu unaosambaa au uvimbe unaozidi kukaza ni mambo ya kurudi hospitali, na usingoje tarehe ya kliniki.

Kutembea nilianza mapema, kwa ruhusa, kwanza uani, baadaye hadi dukani. Kipindi kigumu kilikuja pale maumivu yalipokwisha. Kidonda kimekauka juu, unalala vizuri, mwili una hamu, na wenzako wanatuma picha za kilomita 18 za Jumapili. Juu pamepona, ndani bado panashikana. Nilichofanya ni kumkabidhi mke wangu viatu vya mbio. Akaviweka anakojua yeye hadi siku niliyoambiwa nianze. (Alifurahia kazi hiyo kupita kiasi.) Julai parokia yetu ilikuwa na mbio za hisani za kilomita 5, nikazitembea zote nikipiga soga na akina mama. Hili ni jambo zuri la mbio zetu za Uganda: nusu ya watu wanatembea, wengine na watoto mgongoni, hakuna anayekutazama. Anayetoka operesheni ana mahali pake pale nyuma, na kwa Rotary au Kabaka ni vivyo hivyo.

Niliporudi kukimbia nilitafuta tambarare, uwanja wa shule ulio karibu nasi, dakika moja mbio na mbili kutembea. Nilikuwa nahisi kama kitu kinavuta ndani nikiinua goti la kulia. Daktari alisema kuvutwa si tatizo, maumivu makali ndiyo tatizo, na kipimo chake kilikuwa rahisi: kama kesho yake pameuma zaidi ya jana, punguza.

Kasese nilikuwa nimepania kilomita 42. Hizo niliziacha, na sababu haikuwa mshono. Wiki kumi zilitosha kwa mshono. Hazikutosha kwa mazoezi ya marathoni, ambayo hutaka miezi mitatu au minne yenye mbio ndefu za Jumapili, na hizo ndizo nilizozikosa zote. Watu wengi hulichanganya hili: daktari akisema "umepona" wao husikia "uko tayari". Kama unaweza, chelewa kulipia mbio zinazofuata operesheni hadi ujue utakimbia umbali gani.

Nilikimbia 10. Nilisimama nyuma kabisa kwenye mstari wa kuanzia ili nisipigwe viwiko, nikavaa bukta yenye mpira laini usiosugua kovu, na kwenye miteremko nikafupisha hatua. Muda wangu ulikuwa wa aibu na sitautaja hapa. Novemba nimejiandikisha 21 za Kampala, na zile 42 nimezisogeza hadi Kasese ya mwakani.