Umepangiwa kesi za kazi serikalini? Usikimbilie kuomba uhamisho

Juzi nimepokea ujumbe wa binti mmoja. Kamaliza Shule ya Sheria, kaapishwa, kapita usaili wa Sekretarieti ya Ajira, na sasa ni Wakili wa Serikali Daraja la Pili. Wengi mnaosoma hapa mnaitafuta nafasi hiyohiyo. Yeye analia: "Shikamoo dada. Wenzangu wamepelekwa kwenye kesi za madini na wawekezaji, mimi nimepewa kesi za kazi. Nifanyeje nihamishwe?"

Marahaba, mdogo wangu. Usihame.

Najua kinachokuuma, maana kiliniuma na mimi nilipopewa kesi hizihizi za wafanyakazi wanaoishitaki ofisi iliyowaajiri. Kwenye korido tulikuwa tunaitwa "mawakili wa mishahara". Siku wenzangu wanaagwa kwenda Washington kwenye shauri la mwekezaji, mimi nilikuwa naelekea Singida kwa basi, boksi la majalada miguuni. Mkubwa mmoja aliniambia kesi za kazi ni za kujifunzia, nikikua nitatoka. Sijatoka, na maneno yake sijayasahau.

Ila hao waliokwenda Washington, wengi wao walikwenda kubeba vielelezo na kupanga kurasa. Mwaka huohuo mimi nilikuwa nahoji mashahidi, nabishana na mawakili wa kujitegemea wenye umri wa baba yangu, na nikisimama nasimama peke yangu. Ukitaka kuwa wakili wa mahakamani, hakuna dawati serikalini litakalokukomaza haraka kuliko hili.

Ugumu wake uko hapa. Kwenye madai ya kawaida, anayedai ndiye anayethibitisha. Kwenye kuachishwa kazi, kifungu cha 39 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 kinamtwika mwajiri mzigo huo. Wewe unamtetea mwajiri, kwa hiyo ndiye unayeanza kuthibitisha. Na kifungu cha 37 kinataka vitu viwili kwa pamoja: sababu halali na utaratibu wa haki. Maafisa utumishi wengi wanakijua cha kwanza tu. Ukiwauliza kuhusu kikao cha nidhamu wanakujibu, "Lakini aliiba, wakili!"

Niwape mfano. Shirika moja la umma, sitalitaja, lilimfukuza mtunza stoo kwa upotevu wa dizeli. Hiyo ni zamani kidogo, wakati mashauri ya namna hiyo bado yalikuwa yanasikilizwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, yaani CMA. Nilipofungua jalada nikakuta barua ya kumwita kwenye kikao ina tarehe ileile ya kikao. Kanuni za utendaji bora za 2007 zinataka apewe si chini ya saa 48 za kujiandaa. Mwenyekiti wa kikao alikuwa bosi wake, yuleyule aliyeandika taarifa ya upotevu. Muhtasari ulikuwa na kurasa nne juu ya dizeli, na juu ya utetezi ulikuwa na sentensi mbili: "Mtuhumiwa alijitetea. Utetezi wake haukuridhisha." Alisema nini? Hakuna aliyekumbuka.

Nikaandika dokezo: tusuluhishe, hapa hatuponi. Dokezo likarudi limeandikwa pembeni kwa kalamu nyekundu: "Wakili atafute hoja." Nikatafuta hoja. Tukashindwa CMA, tukaenda kwa marejeo, yaani kuomba uamuzi upitiwe, Mahakama Kuu Divisheni ya Kazi, tukashindwa tena. Kisha kwenye kikao cha menejimenti ikasemwa kwamba kesi imepotezwa na wakili. Dokezo langu halikutajwa. Bado lipo masjala, folio ileile, yeyote akitaka akalisome.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza, na pengine ndio wa mwisho: kesi ya kazi inashindwa au kushinda kabla hujaiona. Kazi yako kubwa ni kufika mapema. Zoesha taasisi kukupigia simu kabla barua ya kufukuza haijasainiwa. Baada ya yale ya dizeli, taasisi nyingine ilinipigia ikiwa na hasira za kumtoa mtu siku hiyohiyo. Nikawaambia hati ya mashtaka iandikwe upya, kila kosa na maelezo yake, wajumbe wa uchunguzi wabadilishwe, na utetezi wake uandikwe neno kwa neno hata kama unawaudhi. Walinuna. Yule mtumishi alipokata rufaa Tume ya Utumishi wa Umma, rufaa haikufika mbali, kwa sababu kila kitu kilikuwa kwenye karatasi. Hakuna aliyenipongeza, lakini mwenyewe nilijipongeza kwa chipsi kuku.

Wewe ni wakili wa Serikali, si wakili wa mkurugenzi. Mkurugenzi atahamishwa, fidia itabaki inalipwa kwa kodi ya watu. Mwambie ukweli kwa maandishi, kwa adabu, na ubaki na nakala.

Halafu kuna hili la mapingamizi ya awali, yaani kuomba shauri litupwe kabla halijasikilizwa. Kifungu cha 32A cha Sheria ya Utumishi wa Umma, kilichoingizwa 2016, kinamtaka mtumishi amalize kwanza njia za ndani ya sheria hiyo, kama ile rufaa ya Tume ya Utumishi wa Umma. Mahakama ya Rufani nayo, katika Rufaa ya Madai Na. 12 ya 2022 ya Shirika la Posta iliyotoka Mtwara, ikasema CMA haina mamlaka juu ya mgogoro wa mtumishi wa umma. Tangu hapo naona vijana wakisimama dakika kumi, pingamizi linakubaliwa, wanatoka wanapigana picha. Pingamizi liwekeni, ndiyo sheria, na suala la mamlaka halifichwi. Ila msijiite mmeshinda. Mtu amezunguka miaka, sasa anaanza upya kwenye njia nyingine, na lile jalada lenye tarehe mbovu litakufuata hukohuko.

Kwa shauri ambalo bado linapita CMA, kwenye usuluhishi utaaibika, jiandae. Wakili wa upande wa pili atauliza Serikali inatoa shilingi ngapi, nawe utajibu, "Naomba muda nipate maelekezo." Watacheka. Muda wa usuluhishi ni siku 30 tu, usiende mikono mitupu. Andika dokezo mapema lenye hesabu: mishahara anayodai, notisi, likizo, na kiasi kitakachoongezeka tukishindwa. Wakubwa hawasomi falsafa ya haki za wafanyakazi, wanasoma tarakimu.

Mashahidi nao watafute siku unayopewa jalada. Afisa aliyesimamia uchunguzi utamkuta kahamia Kigoma, mwingine kastaafu na hataki hata kusikia jina la ofisi yake ya zamani.

Na ninyi maafisa sheria wa taasisi mnaonisoma, hili ni lenu. Kwa shauri lililoamuliwa CMA, maombi ya marejeo yana siku 42, zinahesabiwa tangu tuzo, yaani uamuzi wa CMA, iwafikie, si tangu mkurugenzi arudi safari. Nimewahi kuletewa tuzo siku ya 40, Ijumaa saa tisa alasiri, mhuri wa mapokezi wa mwezi uliopita ukiwa juu yake unang'aa, na mleta barua ananiambia bosi anaomba tupinge. Pigeni nakala siku tuzo inapofika, itumeni kabla ya chai, hata kama mnadhani mmeshinda.