Mzee alitaka achomwe, ukoo unataka azikwe

Pole sana dada kwa kuondokewa na mzee. Umesema aliomba achomwe hapa Nairobi, na baba zako wadogo wameshikilia lazima azikwe nyumbani Siaya. Kabla kamati ya mazishi haijaitwa, kaa nao faraghani, mama akiwepo. Msikimbilie kortini. Mwaka 1987 Mahakama ya Rufaa iliamua wakili S. M. Otieno azikwe na ukoo wake, ingawa mjane alisema marehemu mwenyewe alitaka vingine. Mwili ulikaa miezi mitano bila kuzikwa, na mochari inatoza kila siku.

Wakidai kuchoma si jambo la Mwafrika, watajie Wangari Maathai, yule mtetezi wa mazingira. Alichomwa Kariokor, hapa Nairobi, mwaka 2011, jeneza lake likiwa la mianzi, mafunjo na magugu maji, maana hakutaka mti ukatwe kwa ajili yake. Mwanasiasa Kenneth Matiba naye alichomwa, 2018.

Kuzika hapa Nairobi, makaburini Lang'ata, mimi singeshauri: makaburi yale yametangazwa kujaa tangu miaka ya 1990, na watu bado wanabanwa humo humo.

Kibali cha mazishi mtakihitaji kwa vyovyote, mzike au mchome, kwa hiyo karatasi ya hospitali ya kifo isipotee mikononi mwa binamu.

Na kuna njia ya kati: familia hukabidhiwa majivu. Chomeni hapa kama alivyotaka, kisha myapeleke Siaya yakazikwe bomani, ibada ifanyike, ng'ombe achinjwe. Wazee wengi hulegea wakisikia kaburi litakuwepo.