Magari matatu, mtu mmoja amekufa: nimshtaki nani?

Swali: Wakili, ndugu yangu alikufa mwaka jana akiwa abiria kwa matatu, pale mteremko wa Salgaa. Trela ilikosa breki ikagonga matatu kwa nyuma, ikaisukuma mpaka kwa lori lililokuwa limeharibika barabarani bila alama yoyote ya kuonya. Dereva wa trela alikufa palepale, mwenye trela anasema aliuza kitambo, na polisi wanafunga faili. Nianzie wapi?

Jibu: Poleni sana. Hiyo faili isikutishe, dereva akifa kesi ya jinai inaisha kwa sababu hakuna wa kupandishwa kizimbani, lakini kesi ya fidia ni mambo mengine kabisa, hiyo inamfuata mwenye gari.

Usijisumbue kutafuta ni nani haswa alikosea. Shtaki wenye magari yote matatu. Marehemu alikuwa amekaa kwa kiti tu, hakushika usukani, kwa hivyo hana kosa, labda wajaribu kusema hakufunga mkanda. Wenyewe wataangushiana lawama kortini na hakimu atawagawia asilimia, lakini ukimshtaki mmoja halafu korti iseme kosa lilikuwa la mwingine, umeumia.

Sasa huyu wa breki. Kusema tu breki zilikatika haitoshi, alete rekodi za servisi, na wewe itisha ripoti ya ukaguzi wa hiyo trela mapema. Na ile hadithi ya kuuza, fanya sachi NTSA, wale wanaosajili magari, uone limeandikishwa kwa jina la nani: sheria ya trafiki inamchukua aliyeandikishwa kuwa ndiye mwenye gari mpaka athibitishe vingine. Akileta makaratasi ya kuuza, mnunuzi naye anaunganishwa kwa kesi.

Bima ya lazima hailipi zaidi ya milioni 3 kwa mtu mmoja, inayobaki unamdai mwenye gari. Notisi kwa kampuni ya bima ipelekwe haraka, ukichelewa wataruka, nimeona wakiruka sana.

Kitu wengi hawajui, wewe kama ndugu hulipwi. Sheria ya fidia ya vifo vya ajali Kenya inahesabu mke au mume, watoto na wazazi. Kwa hivyo mjane achukue barua ya korti ya kusimamia mali ya marehemu afungue kesi kabla miaka 3 haijaisha tangu kifo. Na kama kuna broka, wale wanaotafutia mawakili kesi, aliwapata mochari akawasainisha fomu, ulizeni kwanza kama ashafungua kesi na iko korti gani, maana sheria hairuhusu kesi mbili kwa kifo kimoja.