Fundi tujibu: shaba inayovunjika, bronzi yenye malengelenge na mkaa wa vifuu

Barua za safari hii nyingi ni za udongo wa shaba, ule mtu anauchanganya mwenyewe nyumbani kwa unga wa shaba, gundi na maji, anafinyanga hereni au kidani, kikikauka anakichoma, gundi inaungua inaondoka na inabaki shaba tupu. Kazi hii Wajapani waliianza na udongo wa madini ya fedha mwanzoni mwa miaka ya 1990, wa bronzi, yaani shaba iliyotiwa bati, ukaja kuuzwa Marekani 2008, na leo nawaona kinamama na vijana wa Unguja na Pemba wanaifanya uani kwao, kitu kinanifurahisha mno. Nnaanza na barua ya Jang'ombe mana swali lake limebeba na ya wengine.

*Assalaam alaykum fundi, na shikamoo. Natengeneza hereni na vidani, nauza kwa wageni Mji Mkongwe. Udongo wa tayari kuagiza nje ni ghali kwahiyo nachanganya mwenyewe, unga wa shaba nyekundu, methili selulosi (ndio gundi yangu) na maji. Vikitoka kwenye tanuri kwa nje vizuri kabisa, nikipiga brashi vinang'ara, lakini nikikunja kidogo tu kinakatika kama biskuti. Nakifukia kwenye mkaa moja kwa moja kikishakauka, nachoma nyuzi 900 kwa saa moja. Kosa lipo kwenye unga au kwenye tanuri? (Msomaji, Jang'ombe)*

Wa alaykumu salaam, marahaba mwanangu. Unga wako sidhani kama una neno. Kilichokukwamisha ni hewa, halafu muda.

Shaba nyekundu inayeyuka nyuzi 1085 na sisi hatufiki huko, hatutaki kuiyeyusha, tunataka zile chembe za unga zishikane zikiwa bado ngumu, na chembe hazishikani kama kati yake kuna kitu kingine, iwe gundi iliyobaki au ile ngozi nyeusi ya shaba iliyokutana na hewa kwenye moto. Sasa hapo ndipo penye mtihani wa kazi hii yote, gundi ili iungue inataka hewa, na shaba ili ishikane haitaki hewa hata kidogo. Ndio mana mchomo ni mara mbili. Wewe umeruka ule wa kwanza, ukafukia kidani na gundi yake ndani, gundi ikageuka masizi humo humo katikati ya chembe, na masizi yakishakaa hapo hayatoki tena.

Mchomo wa kwanza kiweke wazi bila mfuniko, juu ya tandiko la mkaa au juu ya wavu wa chuma, panda polepole mpaka kama nyuzi 300 na ukae hapo. Kitu chembamba cha milimita 2 nusu saa kinatosha, kinene kipe saa nzima au zaidi. Utaona kinatoa moshi kidogo, moshi ukikata bado subiri. Kitatoka cheusi na kibaya na hakina nguvu kabisa, usistuke, kiinue kwa uangalifu mkubwa mana wakati huo ndio dhaifu kuliko wakati wote.

Mchomo wa pili ndio wa kufukia. Kopo liwe la stenlesi. Narudia stenlesi, mana kuna mwengine kaniuliza kama sufuria ya alumini inafaa, alumini inayeyuka nyuzi 660, itamwagika kwenye tanuri lako na utaharibu vyote. Na kopo la bati lililopakwa zinki ndio khatari kabisa, moshi wa zinki unaumiza mtu. Mwaga mkaa chini sentimita 2 na nusu, panga vitu visigusane wala visiguse ukuta wa kopo, funika kwa mkaa sentimita 2 na nusu nyengine juu, weka mfuniko bila kuubana. Shaba nyekundu panda mpaka 950 au 970, ukae hapo saa 3. Ile saa moja yako haitoshi kwasababu mkaa unazuia joto, saa tanuri inasoma 900 katikati ya kopo bado hapajafika, kwahiyo vitu vyako vimeonja joto tu. Kisha zima uache vipoe humo humo ndani ya mkaa, ukifungua vikiwa vyekundu hewa inaingia na kazi yote imepotea bure.

Na kung'ara kusikudanganye, unga uliobanwa ukisuguliwa unang'ara hata kama haujashikana. Kila ukichanganya udongo mpya kata kijiti kirefu kama kidole, upana wa nusu sentimita, pima urefu wake kwa rula kabla, kichome pamoja na vidani, kikitoka pima tena. Kama hakijapungua basi hakijashikana, shaba iliyoiva inanywea, ya kuchanganya nyumbani mara nyingi asilimia 10 mpaka 20. Kiangushe juu ya sakafu usikilize, kilichoiva kinalia, kibichi kinatoa sauti ya kokoto. Kisha kikunje mpaka kivunjike au kigome, na kikivunjika tazama ndani: katikati peusi ni gundi, rudi mchomo wa kwanza; pekundu la kahawia kama vumbi ni hewa imeingia au joto halikufika, ongeza mkaa na muda. Hicho kijiti ndio mwalimu wako, usiuze kitu hata kimoja kabla hujakivunja, mgeni akifika kwao hereni ikamkatikia mkononi anaharibikiwa yeye na jina linaharibika la kwetu sote.

Kwenye kuchanganya, gramu 100 za unga kwa gramu 3 hivi za methili selulosi zinatosha. Ukizidisha gundi udongo unakuwa laini kufinyanga lakini unaacha matundu na unanywea zaidi. Na gundi hii ina tabia yake, inayeyuka kwenye maji baridi na kwenye maji ya moto inaganda, kwahiyo kwa joto letu la Februari tumia maji ya baridi kabisa na udongo uliobaki ufunge kwenye plastiki uuweke friji. Funga barakoa ukipima unga.

*Fundi, mie nipo Wete. Natengeneza vidani mfano wa zile sarafu za kale zilizofukuliwa Mtambwe, kwa bronzi. Nimefata maelekezo ya shaba, nyuzi 950, nikakuta kitu kimevimba malengelenge na vyengine vimeshikamana na kuwa donge. (Msomaji, Wete)*

Kaka, hiyo fikra yako nimeipenda kweli. Mtambwe Mkuu mnaiona kutoka hapo Wete, na 1984 zilifukuliwa pale sarafu ndogo za fedha zaidi ya 2,000, watoto wetu wengi hawajui, kwahiyo kidani chako ukiuze na maelezo yake kwenye kikaratasi.

Bronzi usiichome kwa joto la shaba. Ukishatia bati kwenye shaba (madini ya bati, sio mabati ya kuezekea), shaba tisini kwa bati kumi, mchanganyiko unaanza kulainika mapema zaidi, kwa 950 umeivusha mpaka. Choma baina ya 780 na 830, saa 2 mpaka 3. Na kama unatia unga wa bati mbali na unga wa shaba mbali ukachanganya mwenyewe, jua kwamba bati linayeyuka nyuzi 232 tu, yaani bado shaba haijajua hata kama ipo motoni. Linageuka maji, linatambaa baina ya chembe za shaba, na taratibu linaingia ndani yake, ndio bronzi inapatikana hapo. Ukipandisha kwa pupa linaacha mashimo pale lilipokuwa na linasukuma kitu kivimbe. Panda nyuzi 150 kwa saa, usizidishe. Mchomo wa kwanza pia kwa bronzi uwe mpole, malengelenge mengine ni gundi iliyobaki inatafuta pa kutokea.

Na haya sio maajabu ya wageni, yapo nyumbani kwako. Fungua feni mbovu, zile bushi zake za rangi ya dhahabu, yaani vipete vinavyoshika mhimili, nyingi zimetengenezwa kwa unga huu huu, shaba tisini bati kumi, ukabanwa na kuchomwa nyuzi mia nane na kitu, na makusudi zimeachwa na vitundu ili zinywe oili. Wao wanavitaka vitundu, wewe huvitaki, kwahiyo wewe choma muda mrefu zaidi. Kijiti cha bronzi hakikunjiki kama cha shaba, kikipinda kidogo kikagoma kimeiva. Na maandishi ya sarafu yachonge makubwa kuliko unavyotaka yatokee, yatanywea, na herufi ndogo zinaziba.

*Mkaa wa filta wanaosema kwenye maelekezo huku hatuupati na ukiupata bei haishikiki. Vifuu vya nazi tunavyo tele. Vinafaa? (Msomaji, Makunduchi)*

Vinafaa, dada, na mkaa wenyewe wa filta mwengine asili yake ni vifuu hivyo hivyo, tafauti ni kwamba umepikwa tena kwa mvuke mpaka ukawa na vitundu vingi vya kumeza hewa. Wako wa nyumbani utafanya kazi ila unaliwa haraka na unaacha jivu. Choma vifuu kwenye pipa lenye mfuniko mpaka moshi ukate kabisa, vikipoa vunja vipande saizi ya punje ya mahindi, chekecha vumbi lote utupe mana vumbi linashikana na udongo. Kisha mkaa huo upeleke peke yake kwenye kopo mpaka nyuzi 800 mara moja kabla ya kuutumia, utoe maji na moshi uliobakia. Kila mchomo jaza upya juu, ukikuta jivu jeupe limefika kwenye vitu vyako ujue kopo lilikuwa dogo au mkaa mchache.

Sasa nisikilizeni nyote, sio dada wa Makunduchi pekee. Mkaa uliofungiwa kwenye kopo ukapata moto unatoa gesi isiyo na rangi wala harufu, ile ile inayoua watu waliolala na jiko la mkaa chumbani. Tanuri likae uani au barazani penye upepo, sio jikoni, sio chumba cha stoo, na watoto wasilale chumba kinachopakana na tanuri dirisha likiwa wazi.

*Tanuri langu nimenunua mtumba, sijui kama namba inayosoma ni ya kweli. Halafu umeme ukikatika katikati nifanye nini? (Msomaji, Chake Chake)*

Namba ipime kwa vitu unavyovijua. Chumvi safi ya mezani inayeyuka nyuzi 801, tia punje chache tu kwenye kikombe kidogo cha kauri chenye mfuniko, panda mpaka tanuri liseme 790, zima, likipoa tazama. Kama punje bado ni punje rudia kwa 815. Chumvi iliyoyeyuka inakuwa tone moja gumu linalong'aa, huwezi kukosea. Punje chache narudia, mvuke wa chumvi unakula nyaya za tanuri. Kwa juu zaidi muombe sonara kipande cha uzi wa fedha safi, safi sio ya kuchanganya, hiyo inayeyuka 962. Ukishajua tanuri lako linadanganya kwa nyuzi ngapi andika ukutani ulifate hilo.

Umeme ukikatika kwenye mchomo wa pili usifungue kitu. Mkaa unaendelea kulinda wakati linapoa, umeme ukirudi anza tena kupanda na uhesabu saa zote 3 upya, kitu hakijaharibika. Kibaya zaidi ni umeme mdogo. Tanuri la volti 230 likipata 200 tu limepoteza karibu robo ya nguvu yake, ndio mana jioni watu wote wakiwasha vitu linakwama 880 linagoma. Choma usiku mkubwa au asubuhi mapema.

*Vidani vikikaa wiki moja vinaota ukijani. Na je naweza kusaga vipande vya shaba vya fundi bomba nikapata unga? (Msomaji, Nungwi)*

Ukijani ni chumvi, ya bahari na ya jasho, huko Nungwi hamkwepi. Baada ya kuchoma safisha kwa ndimu au ukwaju kama mabibi wanavyosafisha sinia, chumvi usitie, kisha suuza kwa maji yenye magadi kidogo ukiue kile kichachu, suuza tena kwa maji matamu, kausha kabisa, pasha joto kidogo usugue nta ya nyuki. Mwambie na mteja asiogelee nacho.

Kusaga, hapana. Vumbi la tupa ni nene mno, unga wa kazi hii chembe yake haizidi sehemu 44 za elfu za milimita, na mabaki ya mabomba yana shaba ya njano ndani yake yenye zinki, zinki inachemka nyuzi 907, itatoka mvuke kwenye tanuri lako na kwenye kifua chako. Yauze hayo mabaki kwa wanunua skrepa, hela utakayopata ununulie unga.