Akaunti ya benki Uingereza ukiwa bado Tanzania: yaliyonikuta, na kilichonifungulia mlango

Dada, umesema mumeo ni muuguzi Manchester tangu mwaka jana, wewe uko Mwanza unajiandaa kuomba viza ya mwenza, na unataka kufungua akaunti ya Uingereza kwa mtandao kabla hujaondoka. Sababu ulizotaja ni mbili: umeambiwa viza haitoki bila akaunti hiyo, na hutaki kufika ugenini ukawa unaomba hela hata ya nauli ya basi. Mimi nilikuwa na sababu hizo hizo mbili. Mume wangu aliondoka Agosti 2023 kwenda Leeds, nami nikamfuata Aprili 2024. Katikati hapo nilipoteza miezi, pesa na usingizi kwa jambo ambalo halikuhitaji kufanywa Dar kabisa.

Nianze na viza, maana hapo ndipo watu wanaliwa hela zao. Viza ya mwenza wa mwenye kibali cha kazi haidai akaunti ya Uingereza. Inachodai ni ushahidi kwamba mna pesa ya kuanzia, na kwa mwenza ni pauni 285. Pesa hiyo iwe imekaa kwenye akaunti siku 28 mfululizo bila salio kushuka chini ya kiasi hicho hata siku moja, na ile siku ya 28 isiwe imepita zaidi ya siku 31 kabla ya kutuma maombi. Akaunti inaweza kuwa yako ya CRDB au NMB hapo hapo Mwanza, ya shilingi tu. Uhamiaji wenyewe wanaibadilisha kuwa pauni kwa viwango vya tovuti ya OANDA, kwa hiyo weka ziada kidogo, shilingi isije ikashuka ukakosa kwa pauni tatu. Inaweza pia kuwa akaunti ya mumeo. Tena mwambie aangalie cheti chake cha udhamini: kama mwajiri alithibitisha humo kwamba atawatunza na wategemezi mwezi wa kwanza, hata hizo 285 hutaulizwa. Ila pesa iliyoko kwenye kikoba haihesabiki. Itoe, iweke benki, anza kuhesabu siku.

Sasa hii ya akaunti yenyewe. Januari 2024, kipindi kile cha mgao wa umeme, nilikaa sebuleni kwangu Tabata saa nne usiku na simu mkononi. Nilishapakua programu ya benki moja ya Uingereza, ya zile zinazofunguliwa kwa simu. Ikataka picha ya pasipoti, nikapiga. Ikataka selfi ya kugeuza kichwa kushoto na kulia, mdogo wangu akanimulikia tochi ya simu yake usoni. Ikauliza anwani ya makazi, nami nikaandika anwani ya mume wangu Leeds, nikiamini kwamba ndiko ninakokwenda kwa hiyo si uongo. Asubuhi nikakuta ujumbe wa mistari miwili: hawawezi kunifungulia akaunti. Sababu hawakutaja.

Nilidhani yameishia hapo. Nilipofika Leeds kweli, nikiwa na kibali na anwani halali, nikaomba tena benki ile ile, wakanikataa mara ya pili. Baadaye nikaelewa uzito wa nilichofanya. Benki za Uingereza zinapeana taarifa za udanganyifu kupitia shirika linaloitwa Cifas, na alama ikiwekwa kwenye jina lako inaweza kukaa hadi miaka 6. Kwa bahati mimi sikuwekewa, niliomba kumbukumbu zangu nikaziona. Lakini ningeweza kuwekewa, na ningeanza maisha ugenini nikiwa na doa kabla sijashuka kwenye ndege. Kwa hiyo nakuomba, na naomba kwa moyo wote: usiandike kwamba unaishi Manchester ukiwa Mwanza. Benki za simu kama Monzo na Starling zinataka mtu anayeishi Uingereza tayari. Kusema utakuwa huko mwezi ujao haitoshi.

Jaribio langu la pili lilikuwa la halali, ila liliniumiza zaidi mfukoni. Benki kadhaa za Uingereza zina akaunti za wakazi wa nje, nyingi zikiwa zimesajiliwa visiwa vya Jersey, Guernsey na Isle of Man, na hizo kweli unaweza kuomba ukiwa nyumbani. Nikaona ndiyo yenyewe. Wakataka uthibitisho wa makazi, bili ya umeme au maji yenye jina langu. Sasa dada, wewe unajua. Umeme wetu ni LUKU, unanunua tokeni, karatasi inayotoka ina namba ya mita na si bili ya mtu. Maji yalikuwa kwa jina la mwenye nyumba. Sanduku la posta wanalikataa, wanataka mtaa na namba ya nyumba.

Nikaenda ofisi ya serikali ya mtaa. Mwenyekiti akachukua karatasi ya mistari, akaandika kwa mkono kwamba ananitambulisha, kwamba mimi ni mkazi wake na ananifahamu, akagonga muhuri wa bluu ukapanda juu ya saini yake hadi herufi za mwisho zikafichika. Barua nzuri kabisa, inayofungua milango yote Tanzania. Kule haikusomeka. Nikalipa ifasiriwe kwa Kiingereza, nikalipa wakili agonge mhuri kwenye nakala za pasipoti na cheti cha ndoa, nikatuma. Jibu likaja kwamba nyaraka zimepokelewa, na sasa nithibitishe nitaweka kiasi cha chini kinachotakiwa. Kilikuwa makumi ya maelfu ya pauni, au mshahara mkubwa wa kufanana nacho. Sharti lilikuwa limeandikwa, mwisho kabisa wa ukurasa. Akaunti zile wametengenezewa wenye fedha nyingi, si mke wa muuguzi.

Kuna wanaosema kama una akaunti Absa basi Barclays watakupokea, kwa kuwa zamani ilikuwa Barclays. Jina lile Tanzania liliondoka 2020 na Barclays wakauza hisa zao Afrika, kwa hiyo hakuna undugu tena. Kuna pia benki za kimataifa zinazomfungulia mteja wao akaunti ya nchi anayohamia kabla hajasafiri. Ni huduma nzuri, lakini lazima wawe wanakuhudumia tayari katika nchi uliyopo, na HSBC, inayotajwa sana kwenye habari hii, haina matawi Tanzania.

Akaunti ya pamoja na mumeo nayo nimeijaribu. Yeye anaweza kuanzisha maombi, ila benki inamhakiki kila mtu peke yake, na nyingi zinataka wote wawili muwe wakazi. Mkifika hatua hiyo, mjue kwamba akaunti ya pamoja inaunganisha kumbukumbu zenu za mikopo, na mkitumia zaidi ya salio lililopo, kila mmoja anadaiwa deni lote. Mimi na mume wangu tunayo moja ya kodi na chakula. Lakini ya kwangu ilitangulia, na nashauri iwe hivyo. Si suala la kutomwamini mume. Mtegemezi kila kitu chake kinakuja kwa jina la mwingine: nyumba, bili, hata kibali kinaning'inia kwenye kibali cha mwenzio. Akaunti ndiyo karatasi ya kwanza inayokutaja wewe kama wewe, na utakapopata kazi (mwenza anaruhusiwa kufanya karibu kazi yoyote) mshahara uingie mahali palipo pako.

Basi kazi ya kufanya ukiwa Mwanza ni kuandaa jina lako lionekane kwenye karatasi ya nyumba ya kule. Hili ndilo lililonifungulia, na hakuna aliyeniambia mapema. Mumeo aongee na mwenye nyumba au wakala sasa, aulize kama utaongezwa kwenye mkataba wa pango. England mwenye nyumba ana wajibu wa kisheria kuhakiki kibali cha kila mtu mzima anayekaa kwake, kwa hiyo wengi watasubiri ufike ndipo wakuandike, lakini akishakubali kwa barua pepe inakuwa kazi ya siku moja. Mume wangu aliomba Februari. Nilipofika, ndani ya wiki ya kwanza wakala alinitolea ukurasa mmoja wa nyongeza.

Nikaenda tawini siku ya tisa, nina pasipoti yenye stika ya viza, kadi ya ukaazi niliyoichukua posta, na ule ukurasa. Dada wa kaunta aliweka kalamu chini ya jina langu kwenye pasipoti, akaweka kidole chini ya jina langu kwenye mkataba, akawa anasoma herufi kwa herufi. Akasimama. Pasipoti ina majina matatu, langu, la baba na la babu. Wakala aliandika mawili. Akanirudishia karatasi kwa upole, akasema yakifanana nirudi. Nilitoka nje nikalia kidogo kwenye kituo cha basi, sikufichi. Wakala akarekebisha, nikarudi Jumatatu, na wiki hiyo hiyo nikapata namba ya tawi ya tarakimu 6 na ya akaunti ya tarakimu 8. Kadi ikaja kwa posta. Kwa hiyo angalia leo: NIDA, pasipoti, cheti cha ndoa, majina yafanane hadi herufi. Kama kuna tofauti, rekebisha ukiwa nyumbani, kwa maana ukiwa kule utatuma ndugu foleni miezi.

Kwako kuna mabadiliko moja. Kadi za ukaazi ziliisha muda mwishoni mwa 2024, sasa hadhi yako iko kwenye akaunti ya uhamiaji mtandaoni. Humo unatoa namba ya muda yenye herufi na tarakimu 9, inayodumu siku 90, unampa benki aangalie mwenyewe. Ifungue mapema na uhakikishe picha na jina ni sahihi, kwa sababu sheria ya uhamiaji ya 2014 inawakataza benki kumfungulia akaunti ya kawaida mtu ambaye hana ruhusa ya kuwa nchini, na wao hawawezi kukuhurumia pale mfumo ukisema hapana.

Kama mkataba utachelewa, jiandikishe kwa daktari wa mtaa wiki ya kwanza, ni bure, na omba barua ya NHS, huduma ya afya ya serikali, ije kwa jina lako. Omba pia namba ya bima ya taifa (National Insurance). Mumeo awajulishe halmashauri kwamba umehamia ili bili ya kodi ya halmashauri (council tax, si pango) iwe na majina yenu wote. Kama alikuwa anapata punguzo la asilimia 25 la mtu mzima anayeishi peke yake, litaondoka, na ni lazima aseme, lakini bili yenye jina lako ni karatasi ambayo benki nyingi huipokea. Barua hizi si zote zinakubalika kila benki, kwa hiyo uliza kabla hujaenda. Na wakikukatalia akaunti ya kawaida, taja akaunti ya msingi. Kanuni za 2015 zinazilazimu benki kubwa kuitoa kwa mkazi halali asiye na akaunti nyingine. Haina ada ya mwezi wala mkopo, na mshahara unaingia kama kawaida.

Kwa simu, ukishafika na una anwani ya kweli, Monzo na Starling ndiko wengi wetu huanzia, na ni benki kamili: amana zinalindwa hadi pauni 120,000 tangu Desemba 2025. Wise na huduma za namna hiyo ni nzuri kwa kutuma pesa nyumbani hadi kwenye simu, ila si benki, na ulinzi huo hauwahusu. Nauli na chakula weka huko, akiba weka benki.

Akijitokeza mtu kwenye grupu la WhatsApp anayekuahidi akaunti ya Uingereza kwa laki tatu akitaka picha ya pasipoti na selfi yako, mfungie. Mmoja alinifuata nikiwa nimekata tamaa na nilibakiza hatua moja nimtumie. Akaunti itafunguliwa kweli, kwa jina lako, na pesa za wizi zitapita humo.

Akiba yako unayotaka kuhamisha iache kwanza Mwanza, hata ikibidi ufungue akaunti ya pauni au dola kwenye benki yako. Ukishapata namba zako kule, unaihamisha kwa jina lako kwenda jina lako, na ushahidi wa ilikotoka unao. Usiifunge ya Tanzania. Waambie benki unahama, CRDB kwa mfano wana akaunti ya Tanzanite ya walioko nje. Na kabla hujapanda ndege, nenda duka la mtandao wako wa simu wakuwashie huduma ya laini kufanya kazi nje, ujaribu kama ujumbe unaingia. Namba za uhakiki za benki yako ya nyumbani zinakuja kwenye laini hiyo. Mimi yangu ilizimika nikiwa angani, na akiba yangu nilikuwa naiona tu kwenye taarifa, sikuweza kuigusa kwa wiki sita.